Nyusi za Bibi Miali

Mashoga zangu, mmeniuliza nyote, mmoja mmoja na kwa makundi, harusini na msibani, na kila nikianza kujibu hamniachi nikamaliza. Mmoja anataka kujua kama nilimuona dubu mweupe, mwengine anauliza nilikuwa nnakoga vipi. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Leo nimekaa hapa kwetu Azaiba, Maskati, kahawa iko mbele yangu, feni inazunguka, nnakuandikieni safari nzima tangu mlangoni kwa mama mpaka kurudi. Dubu sikumuona. Kukoga nilikoga kwa maji ya moto, kidogo kidogo, kwa sababu maji yaliletwa kwa gari, na tangi likisha basi unasubiri.

Azaiba mpaka uwanja wa Seeb

Mnanijua mimi ni mkunga, nimezalisha nusu ya watoto wa mtaa huu, na ukunga wenyewe niliusomea Kanada ujanani. Mwaka jana, tisini na nane, rafiki niliyesoma naye akanipigia simu. Kaskazini kabisa ya nchi yao, pahala ambapo hata mti hauoti, mkunga wa kituo cha afya alikuwa anakwenda likizo, na walitaka mtu wa kushika nafasi yake majira ya baridi. Habari ya makaratasi nnairuka, itakulazeni usingizi.

Kazi ilikuwa kwa mama. Mama yangu hajapata kunitamkia "la" kwa mdomo wake. Hunyanyua nyusi, kidevu kikapanda kidogo, basi, kesi imekwisha. Ndivyo alivyokuwa babu, ndivyo walivyo wajomba wote, na sisi tumekulia humo: nyusi zikipanda, hakuna ruhusa. Nilipomwambia nnataka kwenda kufanya kazi kwenye barafu, nyusi zilipanda mpaka zikaingia ndani ya mtandio, na zikabaki huko siku nyingi. Khofu yake aliisema mara moja tu, tukichagua mchele.

"Baba yako alikufa hapa, mie niko Unguja," alisema. "Sitaki kufa mie hapa, wewe uko huko."

Nilichokijua ni kuwa tangu mwanafunzi nimekuwa nikiiota nchi ile nyeupe na sikuwahi kuifikia, na kwamba kila mtu ameshaanza kuniita shangazi. Mwisho mama alilainika bila ya kusema neno. Nilimkuta anafunga ubani wa Salala na udi ndani ya kanga, pamoja na chetezo kidogo na makaa yake, halwa na tende. Akasema mtu akienda ugenini lazima anukie kwao, asije akapotea.

Tulikwenda madukani Ruwi kutafuta koti. Mwenye duka alitutolea moja nene kama godoro, akaapa kuwa hata mwezini linafaa. Nikalijaribu mle dukani, jasho likanichuruzika mpaka kwenye viatu, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu mambo haya kuanza. Kumbe lile koti huko nilikokwenda ni la kuvalia ndani ya nyumba.

Ukungu wa Ulaya

Ndege ya kwanza ilitutua Ulaya, ukungu ukashuka, na hatukuondoka. Tulilala kwenye viti kama mizigo iliyosahauliwa. Nje ya kioo hakukuwa na kitu, si gari wala taa, na mimi nikajiona nimeshaanza kuingia ndani ya ile ndoto yangu kabla ya wakati wake.

Asubuhi wakakagua mizigo. Afisa mmoja, kijana mwenye uso mkali, akaifungua halwa ya mama, akaitia kijiti, akanusa, akaniamuru nile mbele yake. Nikala. Nikamkaribisha na yeye, maana sikulelewa kula peke yangu mtu ananitazama. Akaonja kwa ncha ya ulimi, kisha akaita wenziwe. Nilipoondoka pale halwa ilikuwa robo, na yule afisa alinibebea mkoba mpaka mlangoni.

Ndege ndogo

Toka hapo kila ndege ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia. Ya mwisho ilikuwa na viti mbele na mizigo nyuma ya pazia, maboksi ya maziwa na nepi, na ubaridi ulipenya sakafuni. Chini yetu kulikuwa kweupe. Nilingoja nione mji, au njia, au hata mti mmoja, na hakikutokea chochote mpaka macho yakachoka yakaanza kujitungia mambo yake.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja mfupi, uso mpana, macho yamezama ndani ya makunyanzi. Kiingereza hakukijua. Nikampa tende, akaigeuza, akaila, kokwa akalitia mfukoni. Naye akatoa samaki mkavu ndani ya koti lake, akanikatia. Alikuwa mtamu, nnakwambieni kweli, ingawa wavuvi wetu wa Sidab wangelia kuona samaki hana hata chumvi. Nikamuuliza kwa mikono kama bado mbali. Akanyanyua nyusi. Nikasema ahaa, si mbali, na nikaanza kufunga viatu vyangu. Tuliruka saa nyingi baada ya hapo.

Mle ndani palikuwa padogo, na mimi nilikuwa nimejifukiza udi sawasawa. Nikaingiwa na wasiwasi. Nikaivuta nguo yangu nikainusa, nikamtazama kwa uso wa kuuliza: inakukera? Akakunja pua, palepale, bila ya kuficha. Lo, niliona haya. Nikajivuta upande wa dirisha, nikakaa huko nimejibana mpaka tunatua.

Tulipotua ilikuwa mchana, na hapakuwa na jua. Palikuwa na mwanga wa buluu tu, na ndani ya mwanga ule watu wa mji mzima wamesimama kimya pembeni ya kiwanja. Mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani wamekuja kumpokea mkunga mgeni. Nikawapungia mkono. Wakanipita, wakaenda nyuma ya ndege, wakatoa jeneza. Nikauteremsha mkono wangu polepole.

Msichana mwenye mimba kubwa akaja kumkumbatia yule bibi. Huyo alikuwa Elisapi, mkalimani wa kituo cha afya, na bibi alikuwa bibi yake, Miali. Elisapi ndiye aliyenieleza, kwa Kiingereza cha sauti ndogo, kuwa babu yake alipelekwa kusini kutibiwa. Bibi akaitwa amfuate, na ndege zikachelewa. Alipofika hospitali, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka mpya. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa msiba njia nzima, na mimi khabari yangu ilikuwa harufu. Nilimkumbuka mama na mchele wake.

Mahali penyewe

Nyumba za huko zimesimama juu ya miguu, zina rangi za peremende, na duka ni moja. Bahari iko palepale mbele, lakini imeganda, watu wanapita juu yake kwa pikipiki za theluji kama wanapita barabara ya Azaiba. Adhuhuri mstari mwekundu ulitokea upande wa kusini, ukakaa kidogo, ukazimika. Nilivaa saa mbili, moja ya huko na moja ya Maskati, na nikasali kwa saa ya Maskati. Kaka yangu nilipompigia simu kumuuliza, aliniambia masheikh wamekhitilafiana, wewe sali tu. Basi nikisali Alfajiri ya kwenu jioni ya kwao, na ilikuwa inanipendeza kujua kwamba mama yuko kwenye mswala saa ile ile.

Asubuhi ya kwanza nilitia udi kwenye chetezo nifukize nguo, kama desturi. King'ora cha moshi kikalia. Hakikulia chumbani kwangu tu, kikalia mpaka kwa wazima moto, wakaja na gari lao, na nyuma yao majirani, na Bibi Miali na Elisapi pia. Wakanikuta nimesimama juu ya kiti nnakipepea kile king'ora kwa kanga. Nikaomba radhi. Nikawauliza, na Elisapi akafasiri, kama harufu ile inawaudhi. Pua zote zikakunjwa kwa pamoja, ya Elisapi, ya bibi, na za wazima moto nyuma yao.

Nikakisukuma chetezo chini ya kitanda. Toka siku ile nikawa nnanuka sabuni. Mtanicheka, lakini hilo liliniuma kuliko baridi. Nilikuwa nikiamka sijijui niko wapi, maana nguo zangu hazikuwa na harufu ya kuniambia.

Chakula chao kikubwa ni nyama, na nyama isiyochinjwa sikuila, kwa hivyo nikawa mtu wa samaki. Huko samaki hulika mbichi, ameganda, unamparura kwa kisu kama unaparura nazi. Siku za mwanzo nilimpika. Baadaye nikawa namla kama wao, na kipande cha mkate wa kukaanga pembeni, na chai.

Sasa nikuambieni jambo lenyewe. Mji ule haukuwa na pa kupasulia mtu, kwa hivyo ilikuwa sheria: mwanamke mimba ikikaribia hupandishwa ndege, hupelekwa kusini, akangojee uzazi kwenye nyumba ya wageni, peke yake. Msiwalaumu waliotunga. Nimeshaona damu inavyomchukua mwanamke, na sheria ile naiheshimu. Lakini zamu ilikuwa ya Elisapi, na mimba ile ilikuwa ya kwanza, na mtu wa kumpandisha ndege ni mimi.

Bibi Miali hakulala kwa jambo hili. Kwao, mwanamke akiwa na uchungu, mzee hukaa karibu akaita majina ya ndugu waliokufa, moja baada ya moja, na mtoto hutoka kwa jina lake. Bibi alikuwa na jina moja analingojea kuliita. Kusini hapatakuwa na wa kuliita, na kiti cha kulipiwa kilikuwa cha mwenye mimba tu. Elisapi alinieleza haya huku anapanga dawa, kama anaeleza khabari ya mtu mwengine. Nikamuuliza, "Wewe unataka kwenda?" Akanitazama, akakunja pua. Nikakirudisha kiti changu nyuma, nikasema samahani, na jioni ile nikalifua koti.

Ndege ya kumchukua ikawa haiji. Leo upepo, kesho theluji inaruka, siku nyengine tuliisikia inazunguka juu yetu ndani ya wingu, kisha mlio ukapungua ukaenda zake. Wiki zikapita. Bibi Miali alikuwa akiomba upepo usitulie, nami nnaomba utulie, tunakutana dukani tunapeana samaki na tende, kila mmoja na dua yake mfukoni.

Kibanda cha uwanjani

Siku ilipotulia ilitulia kweli. Moshi wa nyumba ulipanda wima. Simu ikalia kuwa ndege imeshaondoka inakuja, nikaenda kumchukua Elisapi. Alikuwa amekaa kitandani, begi miguuni. Nikamuuliza kama anaumwa. Akanyanyua nyusi. Nikamuuliza kama tumbo linamkaza. Akazinyanyua zaidi. Nikasema alhamdulillahi, twende. Akanitazama kwa mshangao, lakini akainuka.

Kibanda cha kungojea ndege kilikuwa na benchi na jiko la mafuta. Bibi Miali alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni, hakutaka kukaa. Tukausikia mlio. Mara Elisapi akaishika meza kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akapumua. Pumzi ile naijua. Naijua kuliko jina langu. Nikampelekea mkono tumboni, nikalikuta limekuwa jiwe, na nikangoja, na likalegea, na haukupita muda likawa jiwe tena.

"Nilikuuliza kama unaumwa," nikamwambia.

"Nikakwambia ndiyo."

"Umeniambia saa ngapi?"

Akanikodolea macho kama ananionea huruma. Kisha akanyanyua nyusi, polepole, vile mtu anavyomuonesha mtoto, na nyuma yake bibi pia akanyanyua zake. Mama yangu alikuwa mbele yangu, na babu, na wajomba wote, na sote tangu kuzaliwa tukisema la kwa kile kile ambacho hawa wanasemea ndiyo.

"Na hii?" nikauliza, nikakunja pua.

"Hiyo ni hapana," akasema.

Nikakaa juu ya benchi. Kumbe kule kwenye ndege bibi aliniambia ndiyo, bado mbali, na mimi nikafunga viatu. Udi haukumkera mtu. Na msichana huyu nilimuuliza anataka kwenda, akaniambia hapana mbele ya uso wangu, na mimi nikaenda kufua koti.

Ndege ilikuwa imeshatua, mapanga yake yanazunguka, maana kwa baridi ile injini haizimwi. Rubani akaja mlangoni, akasema kama tunakwenda ni sasa. Nilikuwa na njia mbili. Nimpandishe, azae juu ya mawingu nyuma ya pazia la mizigo, au nimbakishe azae mikononi mwangu pahala pasipo daktari. Nilimtazama Bibi Miali. Hakuniomba. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango, na nadhani alikuwa ameshachelewa mara moja na anajua kukosa kunavyokuwa.

"Elisapi," nikasema, "unataka kupanda?"

Akakunja pua.

Nikamwambia rubani aende na Mungu.

Jina

Tulimrudisha kituoni, na daktari wa kusini nilikuwa naye kwenye simu. Alinigombeza kwanza, kisha akaniambia mikono unayo, itumie. Uchungu ulikwenda vizuri, halafu ukasimama. Mtoto akawa haji. Elisapi alichoka, midomo ikamkauka, na mimi nikasoma kimoyomoyo kila nilichofundishwa.

Bibi Miali akavuta kiti karibu na kichwa cha mjukuu wake. Akaita jina. Akangoja. Akaita jengine, akangoja. Nilifahamu kuwa anazunguka, kuna moja analikwepa. Aliogopa. Akiita jina lile na mtoto asije, basi yule mzee amekwenda moja kwa moja, hana pa kurudi. Nikampa maji akanywa. Kisha akasogea sikioni kwa Elisapi, akaliita kwa sauti ya mtu anayemwita mumewe mezani, chakula kinapoa.

"Paulusi."

Sisemi kuwa ni jina lililomtoa. Mimi mkunga, nilikuwa nimeshaanza kukiona kichwa kinageuka. Lakini nilikuwepo, na ndivyo ilivyokuwa: jina likatoka, na mtoto akatoka. Msichana, na sauti yake ilijaza kituo kizima. Kwao jina halichagui mume wala mke. Bibi akampokea, akampakata, akamwita "mume wangu", na akacheka na machozi yanamtoka. Akamwambia jambo taratibu. Nikamuuliza Elisapi kasema nini.

"Amesema, safari hii nimewahi."

Nilitoka nje ya chumba nikalia. Nililia kwa ajili yao, na kwa ajili ya mama, ambaye naye alifika kitanda kimeshatandikwa na hakupewa wa kumwita tena.

Walipotoka kituoni Bibi Miali akaja kwangu na Elisapi wa kufasiri. Alikuwa na swali lililomsumbua: mbona niliacha kunukia? Alipokuwa kwenye ndege na jeneza la mumewe, harufu yangu ndiyo kitu pekee kilichomtuliza. Basi nikakitoa chetezo chini ya kitanda. Nyumbani kwa bibi king'ora cha moshi kilivikwa soksi na mmoja wa wale wazima moto, kwa ruhusa yake mwenyewe. Nikamfukiza Elisapi kama tunavyomfukiza mzazi, nikazipitisha nguo za mtoto juu ya moshi, na ubani wa mama ukajaa ndani ya nyumba ile, dirishani theluji, na bibi amefumba macho anauvuta. Sikujua niko Azaiba au wapi, na wala sikujali.

Kurudi

Nilipoondoka jua lilikuwa limeshaanza kuchungulia. Watu walikuja uwanjani, na safari hii walikuja kwangu. Nikawapungia mkono wakanirudishia. Bibi Miali alimnyanyua mume wake nimuone. Akanifungia samaki mkavu wa kumpelekea mama yangu, na akaniuliza kupitia kwa Elisapi kama mtoto wa pili akija nitakuja tena. Nilimjibu kwa namna yao.

Seeb mlango wa ndege ulipofunguliwa joto liliniingia mwilini mpaka nikataka kulia. Mama alikuwepo, mzima, mtandio mpya. Akaninusa kabla ya kunibusu, akaridhika.

Siku ile ile tulikaa hapa nilipokaa sasa. Nikamsimulia khabari ya jina, na ya "safari hii nimewahi". Ya nyusi sikumsimulia, sijui kwa nini, ulimi haukwenda huko. Akatafuna samaki kwa muda mrefu, akasema hana chumvi lakini ana adabu. Kisha, bila ya kunitazama, akaniuliza:

"Na wewe, utakwenda tena?"

Nikanyanyua nyusi.

Akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, akanimiminia kahawa mpaka juu. Nyinyi mnaosoma mmeshajua nimemjibu nini. Nnakuombeni msimwambie. Samaki wa Bibi Miali amebaki kipande kimoja. Mama akishammaliza, nitamwambia mwenyewe, na safari hii kwa mdomo.